Siku Iliyozidi kwenye Ankara

Mwezi wa Machi mwaka 2019, mama mhasibu wa ghala moja lililoko Kampemba, hapa Lubumbashi, aliniita ofisini kwake, akafungua faili la karatasi lililofungwa kwa kamba, akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kuniambia: "Mwanangu, mashine yako inahesabu siku ambayo haipo." Gari lililotajwa kwenye mstari ule lilikuwa limetoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, umbali wa takriban kilomita 90, likaingia ghalani tarehe 12 na kutoka tarehe 15. Daftari la mlinzi wa getini lilisema hivyo kwa kalamu ya bluu, na dereva alikuwa ametia sahihi. Programu niliyoiandika mimi ilisema kwamba gari liliingia tarehe 11, na kwa kuwa ada ya kuhifadhi mzigo ilihesabiwa kwa siku, mteja alidaiwa siku moja zaidi. Mteja alikuja juu, na mama mhasibu ndiye aliyesimama mbele yake.

Nilimwomba muda hadi kesho yake, nikiamini kwamba ni jambo la saa moja. Lilichukua karibu wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo haikuliwa na ugumu wa kosa lenyewe bali na jinsi nilivyokuwa nimejipanga vibaya kulitafuta.

Hali ya kazi ilikuwa hivi. Programu ilikuwa ya wavuti, imeandikwa kwa lugha ya Java, inaendeshwa na Tomcat 9 (programu inayohudumia programu za wavuti za Java) kwenye seva ya kukodi iliyoko Kinshasa, ambako kampuni ina ofisi yake nyingine. Mimi nilikuwa nikiandika nyumbani, Katuba, kwenye kompyuta ya mkononi iliyokuwa na Eclipse, chombo cha kuandikia msimbo na kusakia hitilafu zake, na Java 11, ilhali seva ilikuwa bado na Java 8. Usiku ule nilifungua programu kwenye kompyuta yangu, nikaandikisha gari la kubuni lililoingia tarehe 12, nikatoa ankara, na ankara ikatoka sawasawa. Nikarudia mara tano. Kila mara tarehe 12 ilibaki tarehe 12. Asubuhi nilimpigia simu mama mhasibu na kumwambia, kwa upole lakini kwa kujiamini kuliko nilivyostahili, kwamba huenda karani alichagua tarehe isiyo sahihi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi njoo ukae karibu naye, umwone anavyochagua." Nilikwenda, nikakaa, nikamwona akichagua tarehe sahihi, na tarehe isiyo sahihi ikajiandika mbele ya macho yangu. Nilimwomba radhi karani papo hapo.

Tangu hapo nilianza njia ambayo wengi wetu tunaanza nayo, yaani kutapakaza amri za kuchapisha maandishi kila mahali ndani ya msimbo, ili seva iandike kwenye kumbukumbu zake thamani ya kila kigeu, yaani jina linalobeba data ndani ya programu, inapopita. Ni njia halali, wala siidharau, ila gharama yake inategemea unaishi wapi. Kifurushi cha programu kilikuwa na ukubwa wa megabaiti zipatazo 40, kwa sababu kilibeba maktaba zote ndani yake. Kila nilipoongeza mstari mmoja wa kuchapisha ilinibidi nikompaili upya, yaani nigeuze msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa, nitume kifurushi chote hadi Kinshasa kwa mega nilizonunua mwenyewe, nisubiri seva ianze upya, kisha nimwombe karani aandikishe gari. Umeme ulipokatika katikati ya kutuma, nilianza tena mwanzo. Kwa siku moja nilipata majaribio matatu, manne nikibahatika. Na kila jaribio lilijibu swali nililolifikiria jana yake, ambalo kwa kawaida halikuwa swali lenyewe.

Baada ya siku tisa za namna hiyo nilikubali kwamba ninahitaji kusimamisha programu ikiwa inaendeshwa, niingie ndani yake, nitazame vigeu vyote kwa wakati mmoja. Java ina uwezo huo tangu zamani: mashine pepe yake, yaani programu inayoendesha msimbo wa Java, inaweza kufungua mlango wa mtandao na kuzungumza na kifaa cha kusaka hitilafu kwa itifaki iitwayo JDWP. Nilikuwa ninaijua kwa jina tu. Nilidhani ni mambo ya makampuni makubwa.

Nilianza na mashine yangu mwenyewe, na ninafurahi kwamba sikuanza na seva, maana makosa niliyofanya siku mbili za kwanza yangemfukuzisha mtu kazi. Nilitaka Tomcat ya kwangu ifanane na ile ya Kinshasa, kwa hiyo nilipakua toleo lile lile, nikasakinisha Java 8 pembeni ya Java 11, na kuelekeza kigeu cha mazingira JAVA_HOME kwenye folda ya Java 8. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwenzangu Eclipse alikuwa bado anakompaili kwa Java 11. Tomcat ilikataa kupakia klasi zangu, yaani mafaili ya msimbo uliokompailiwa, kwa malalamiko ya UnsupportedClassVersionError, ikitaja namba 55 na 52. Namba hizo zinatisha mara ya kwanza, lakini maana yake ni nyepesi: 55 ni muundo wa klasi wa Java 11, na 52 ni mwisho wa kile ambacho Java 8 inaweza kusoma. Nililazimisha mkompaili atoe klasi za Java 8, na malalamiko yakaisha.

Kisha nikaongeza maneno ya kufungua mlango wa kusakia hitilafu. Tomcat husoma faili liitwalo setenv.sh ndani ya folda ya bin, na mimi niliandika humo, ndani ya JAVA_OPTS, orodha ya maagizo kwa mashine pepe, mstari huu:

-agentlib:jdwp=transport=dt_socket,server=y,suspend=y,address=8000

Mstari mmoja, makosa mawili. La kwanza ni suspend=y. Neno hilo linaiambia mashine pepe isianze kazi yoyote hadi kifaa cha kusaka hitilafu kiunganishwe. Mimi nilianzisha Tomcat, nikafungua kivinjari, nikaona kimeandika kwamba hakiwezi kuunganishwa, nikasubiri, nikanywa chai, nikarudi, bado ni hivyo hivyo. Nilizima na kuwasha mara kadhaa nikilaumu kumbukumbu ya kompyuta. Tomcat haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inanisubiri mimi kwa adabu, kama mgeni aliyeambiwa akae barazani hadi mwenyeji atoke. Kwa programu ya wavuti ambayo kosa lake hutokea mtumiaji anapobonyeza kitufe, suspend=n ndiyo inayofaa; ile nyingine ina kazi pale tu kosa linapotokea wakati wa kuanza.

Kosa la pili lilikuwa la ujanja zaidi. Nilipotaka kuzima Tomcat kwa shutdown.sh, ilikataa, ikidai kwamba mlango 8000 umeshatumika. Nilitafuta programu nyingine iliyochukua mlango huo, nisiipate. Ukweli ni kwamba amri ya kuzima nayo huanzisha mashine pepe ndogo ya Java ili ipeleke ujumbe wa kuzima, na mashine hiyo ndogo husoma JAVA_OPTS ile ile, kwa hiyo nayo hujaribu kufungua mlango 8000, ambao tayari umeshikwa na Tomcat yenyewe. Dawa ni kuweka mstari ule ndani ya CATALINA_OPTS, ambayo husomwa wakati wa kuanza tu. Au zaidi ya hapo, kuachana na kuandika chochote na kutumia amri ambayo Tomcat inayo tayari, "catalina.sh jpda start", ambayo katika Tomcat 9 hufungua mlango 8000 kwa ajili ya mashine ile ile peke yake na haisubiri mtu. Nilikuwa nimetumia siku nzima kutengeneza kwa mkono kitu kilichokuwa kabatini.

Nilipounganisha Eclipse na mlango ule, niliweka kituo, yaani alama ya kuisimamisha programu, kwenye mstari unaopokea tarehe kutoka kwenye fomu. Kituo katika Eclipse ni kidoti cha bluu pembeni mwa mstari, na ninapendekeza kila anayeanza akitazame kidoti hicho kwa makini, kwa sababu kina alama ndogo ya vema ambayo hutokea pale tu mashine pepe inapokuwa imekubali kusimama hapo. Kidoti changu hakikuwa na vema. Programu ilipita bila kusimama, nami nilidhani muunganisho haufanyi kazi. Sababu ilikuwa ya aibu: kifurushi kilichokuwa ndani ya Tomcat kilikuwa cha wiki iliyopita, na klasi niliyowekea kituo ilikuwa nimeibadilisha jina tangu hapo. Nilipotuma kifurushi kipya, vema ikatokea. Siku nyingine ilitokea, lakini programu ikasimama kwenye mabano ya kufunga badala ya mstari niliokusudia, maana nilikuwa nimeshafuta baadhi ya ile mistari ya kuchapisha na hesabu ya mistari ikasogea. Mashine pepe haijui maneno uliyoandika. Inajua namba za mistari tu, na namba hizo ni za msimbo uliokompailiwa, si za ule unaousoma kwenye kioo.

Kwenye kompyuta yangu, bila shaka, kila kitu kilikuwa sahihi. Kituo kilisimama, kigeu cha tarehe kilionyesha tarehe 12 saa sita usiku, na nilibonyeza kusonga mbele mstari kwa mstari nikishuhudia programu isiyo na kosa lolote. Ilinibidi nikiri kwamba kosa halikai Katuba. Linakaa Kinshasa, na lazima niende kulitazama huko huko.

Nilimpigia simu kijana anayesimamia seva ile. Yeye, kwa nia njema kabisa, alisema: "Kaka, nakufungulia mlango 8000 sasa hivi, uingie." Nilimsihi asifanye hivyo. Itifaki ya JDWP haina nywila. Yeyote anayeufikia mlango huo anaweza kuiamuru mashine pepe itekeleze atakacho, na kwenye intaneti kuna watu ambao kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba wakijaribu vitasa. Katika Java 8, ukiandika address=8000 bila jina la mashine, mlango unafunguka kwa dunia nzima; kuanzia Java 9 maneno hayo hayo hufungua kwa ajili ya mashine yenyewe tu, na anayetaka kufungulia wote lazima aandike nyota mbele ya namba. Seva yetu ilikuwa ya Java 8, hivyo ilikuwa upande wa hatari. Tulikubaliana aanzishe Tomcat kwa amri ya jpda, mlango ubaki wa ndani, nami nipite kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali:

ssh -L 8000:localhost:8000 jina@seva

Amri hiyo huchimba njia iliyofichwa kutoka mlango 8000 wa kompyuta yangu hadi mlango 8000 wa seva. Eclipse niliiambia iunganishwe na localhost, nayo haikujua kabisa kwamba imevuka nchi. Jambo la kufurahisha ni kwamba mazungumzo ya JDWP ni madogo mno. Jioni nzima ya kusaka hitilafu ilikula mega chache kuliko kutuma kifurushi mara moja.

Tulichagua Jumapili jioni, kwa sababu kituo kinaposimamisha uzi, yaani mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu, mtumiaji aliyeshikwa na uzi ule husubiri, na ukichagua kusimamisha nyuzi zote basi ghala zima linasubiri. Hata hivyo niliweka sharti juu ya kituo, kisimame pale tu namba ya gari inapokuwa ile ya majaribio. Mama mhasibu alikuwa amekubali kubaki na simu mkononi, akiwa nyumbani kwake, na ndiye aliyejaza fomu. Alipobonyeza, Eclipse ilikurupuka na mstari wangu ukageuka kijani. Nilianza kusoma vigeu polepole, na baada ya kama dakika moja mama akaniambia kwenye simu: "Imeandika 504 hapa, imekufa." Haikufa. Mbele ya Tomcat kulikuwa na Nginx, programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka nyuma, ambayo kwa kawaida husubiri jibu kwa sekunde 60 kisha hukata tamaa na kumwambia mtumiaji kwamba seva ya nyuma haijibu, wakati huo seva ya nyuma imesimama tu kwa sababu mimi ninaisoma. Nilimwomba asihangaike na kile kinachoonekana kwake, kwani nilichokihitaji nilikuwa nacho tayari.

Kivinjari cha mama kilikuwa kimetuma namba 1552341600000. Hiyo ni hesabu ya milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia, na ndivyo kalenda niliyoiweka kwenye fomu ilivyofanya kila mtu alipochagua siku: ilichukua saa sita kamili za usiku za siku ile, kwa saa za mahali kivinjari kilipo, na kuigeuza kuwa namba. Chini yake, kigeu cha tarehe kilichotokana na namba hiyo kilisomeka hivi:

Mon Mar 11 23:00:00 WAT 2019

Nilikaa nikikitazama. Nchi yetu, Kongo, ina kanda mbili za saa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC (ukanda wa CAT), Kinshasa iko saa moja mbele (ukanda wa WAT). Kila mtu anayepiga simu kati ya miji hiyo anajua, watoto wanajua, mimi mwenyewe nilikuwa nimempigia msimamizi wa seva na kumwambia "saa moja kwenu, saa mbili kwetu" dakika chache kabla. Usiku wa manane wa Lubumbashi, tarehe 12, ulikuwa Kinshasa bado saa tano za usiku, tarehe 11, na mstari uliofuata katika msimbo wangu ulitupa saa na kubakiza tarehe peke yake. Nilipomweleza mama, alisema kwamba hata hiyo saa tano ni usiku wa kuamkia Jumanne, sasa mashine inaitaje Jumatatu? Kwa Kiswahili alikuwa na haki kabisa. Java haijui kuamkia.

Jambo ambalo bado linanivutia ni kwamba maandishi yale ya tarehe hayakutengenezwa na Eclipse yangu. Unapobonyeza kitu ndani ya kifaa cha kusaka hitilafu, mashine pepe ya mbali ndiyo inayotekeleza toString, amri ya kugeuza kitu kuwa maandishi, na kurudisha jibu, ikitumia ukanda wake wa saa. Ndiyo maana niliona WAT. Namba ile ile ingesomwa na Tomcat ya Katuba ningepata CAT, tarehe 12, saa sita usiku, na ningeendelea kumlaumu karani. Ilinieleza pia kwa nini si magari yote yalidhurika: gari lililoandikishwa siku ile ile lilibeba saa ya wakati ule, tuseme saa nne asubuhi, na saa moja nyuma bado ni siku ile ile. Yaliyopatwa ni yale tu ambayo karani aliyaandikisha baadaye, kwa kuchagua siku iliyopita kwenye kalenda.

Msimamizi wa seva alipendekeza tuiongezee Tomcat maneno -Duser.timezone=Africa/Lubumbashi tumalize. Lingefanya kazi kesho yake asubuhi, na lingeharibika siku ambayo karani wa ofisi ya Kinshasa angeandikisha gari la siku ile ile baada ya saa tano usiku, maana kwa saa za kwetu ingekuwa tayari kesho yake. Tarehe ya gari kuingia ghalani haina saa. Kuipa saa ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza kabisa. Nilibadilisha fomu itume maandishi matupu, 2019-03-12, na upande wa seva nikayapokea kama LocalDate, aina ambayo imo ndani ya Java tangu toleo la 8 na ambayo haijui ukanda wowote. Mabadiliko yote yalikuwa mistari sita.

Maneno yale ya user.timezone sikuyatupa. Niliyaweka kwenye Tomcat ya nyumbani, kwa thamani ya Africa/Kinshasa, na kosa likatokea Katuba kwa mara ya kwanza, mbele yangu, kwa msimbo wa zamani. Tangu hapo mashine yangu ya kazi huendeshwa kwa UTC, hata kama saa iliyo kwenye kona ya kioo ni ya hapa. Pia nimeacha kuiamini lugha yake: kompyuta zetu huwekwa Kifaransa, na Java ikiulizwa iandike kiasi cha fedha bila kuambiwa lugha huweka mkato mahali ambapo seva iliyowekwa Kiingereza huweka nukta. Hilo lilinipata mwaka uliofuata, nikalipata kwa dakika ishirini.

Jumatatu asubuhi nilimwandikia msimamizi wa seva aanzishe Tomcat bila jpda, kisha nikahakikisha mwenyewe kwa SSH kwamba hakuna kinachosikiliza kwenye mlango 8000. Halafu nikapanda teksi hadi Kampemba. Mama mhasibu alikuwa ameshafungua kamba ya faili na kutenga ankara zote za tangu Januari ambazo tarehe yake ya kuingia haikulingana na daftari la getini. Alinivutia kiti, akanipa kalamu nyekundu, na yeye akachukua ya bluu.